Pacha Aliyebaki Mumbuni

Mwaka ambao dada yangu aliondoka, watu wa Machakos waliendelea kunishukuru kwa kazi ambayo sikuifanya. Yeye alikuwa muuguzi katika wodi ya akina mama wanaojifungua, nami nilikuwa mwalimu wa fizikia na hesabu katika shule ya wasichana nje kidogo ya mji. Tulikuwa pacha wa kufanana kabisa, na waliotujua vizuri walitutofautisha kwa kovu dogo lililo chini ya kidevu changu. Kwa hiyo ningekuwa sokoni nachagua nyanya, mwanamke asimame mbele yangu, amshushe mtoto mgongoni na kusema, "Sista, huyu ndiye ulimpokea ile siku ya mvua. Angalia vile amekua."

Mwanzoni nilieleza. Si mimi, ni pacha wangu, amesafiri ng'ambo. Wengi waliniangalia kwa mashaka, kana kwamba ninawakana. Baadaye niliacha kueleza. Nilimshika mtoto shavu, nikasema amekua kweli, nikaenda zangu na nyanya zangu.

Tulizaliwa Ndithini, upande wa Masinga, katika nyumba ya wakulima waliopanda mahindi, kunde na mbaazi na kuomba mvua kila Jumapili. Mimi nilitangulia, ndiye kurwa. Yeye doto akafuata kabla mkunga hajamaliza kunifuta. Tulilala kitanda kimoja mpaka tulipoenda shule ya bweni. Tukiwa wadogo, mmoja akiumwa na jino, mwingine alikataa kula. Baba hakujisumbua kutuita mmoja mmoja. Alisimama mlangoni akaita "Mavatha", yaani pacha kwa Kikamba, nasi tukatoka pamoja, hata kama aliyetakiwa ni mmoja tu.

Tulipoanza kazi tulikodisha vyumba viwili Mumbuni. Cha mbele kilikuwa na meza, viti na jiko la mafuta ya taa. Cha nyuma kilikuwa na vitanda viwili vilivyotenganishwa na kijia cha kupita mtu mmoja. Katikati ya miaka ya tisini dada alipata nafasi ya kwenda Marekani kusoma huku akifanya kazi. Mchana wa mwisho alikuwa amekaa kitandani akikunja sare zake nyeupe.

"Sare utazifanyia nini huko?" nikamwuliza. "Si watakupa za kwao."

"Nikirudi nitazihitaji," akasema. "Ni miaka miwili tu. Niwekee."

Nikaziweka ndani ya sanduku chini ya kitanda chake. Kitanda chenyewe sikukiondoa. Kila Jumamosi nilikipiga vumbi na kukitandika upya, na sikuona ajabu kufanya hivyo, maana mtu wa miaka miwili si mtu aliyehama.

Hatukuwa na simu. Mwenye duka la dawa jirani alikuwa nayo, naye aliniruhusu nipokee simu ya dada Jumapili alasiri, saa ambazo huko kwake ni asubuhi naye ametoka zamu. Nilikaa kwenye benchi la wagonjwa nikiisubiri ilie. Sauti yake ilikuja ikiwa imechelewa kidogo. Nikisema jambo, kulikuwa na ukimya, kisha jibu lake likafika wakati nimeshaanza jambo jingine, maneno yetu yakagongana tukanyamaza wote wawili. Nilijua sababu yake. Ishara ilipaa hadi kwenye satelaiti ndipo ishuke upande wa pili wa dunia, na hata kitu chenye mwendo wa mwanga huchukua muda wake. Lakini tulikuwa tumezoea kumaliziana sentensi tangu utotoni, na kujua sababu hakukunisaidia.

"Unasema?" angeuliza.

"Hapana, sema wewe."

Miaka miwili ikapita, ikaja mingine. Shule aliyoendea ilimshinda kwa karo, akaingia kazini moja kwa moja, kibali chake kikaisha muda. Akitoka nchi ile asingeruhusiwa kurudi, na huko tayari alikuwa amezaa binti. Hakunieleza yote kwa mara moja. Alinieleza vipande vipande, Jumapili baada ya Jumapili, na kila kipande nilikipeleka Ndithini kwa wazazi nikiwa nimekilainisha.

Siku hizo kulikuwa na bwana mmoja, mwalimu wa kilimo katika shule ya wavulana, aliyekuja kunitembelea Jumamosi. Alikuwa mtu mtaratibu, mwenye kucheka polepole. Alikaa kwenye kiti kilekile, akanywa chai, akanisimulia habari za miche yake ya miembe na wanafunzi waliokula mbegu za majaribio. Siku alipotamka neno la ndoa, nilimjibu bila kufikiri sana, "Tusubiri dada arudi. Siwezi kuolewa mwenzangu akiwa hayupo."

"Atarudi lini?"

"Mwaka huu ukiisha."

Alisubiri ule mwaka ukaisha, na uliofuata, na mwingine baadaye. Hatukugombana. Jumamosi moja hakuja, ya pili akaja akakaa kidogo, kisha nikasikia kwamba anapeleka mahari kwa watu wa Kangundo. Nilienda harusini na kitambaa cha meza kama zawadi. Dada sikumwambia. Wiki ile alikuwa ameanguka kwenye barafu akaumia goti, naye alihitaji kuzungumza zaidi yangu.

Baba alipofariki, dada hakuweza kuja. Mazishi yalikuwa Ndithini, na huko mtandao wa simu ulikuwa bado haujafika. Jumapili iliyofuata nilikaa kwenye benchi lile la duka la dawa nikamsimulia kila kitu: waliokuja, aliyehubiri, jinsi ng'ombe wa baba alivyokataa kutolewa zizini asubuhi ile. Hakulia. Aliuliza maswali madogo madogo, kisha akasema zamu yake ya pili inaanza.

Nadhani ni mwaka ule ule nilipoanza kuwafundisha wasichana wa kidato cha nne somo ambalo halikuwa katika silabasi. Nilikuwa nimelisoma chuo kikuu na kulipenda. Tukishamaliza kazi yote ya mtihani, Ijumaa alasiri niliwapa kama zawadi. Nilimwita mmoja mbele nikampa mpira wa tenisi, nikamwambia atembee kutoka mlangoni hadi dirishani huku akiurusha mpira juu na kuudaka.

"Kwako mpira unaendaje?"

"Unapanda na kushuka, mwalimu. Wima."

Kisha niliwauliza waliokaa, nao wakachora hewani kwa vidole: unapanda kimshazari, unashuka kimshazari, kama meno ya msumeno. Nikawaonyesha kwamba njia ya mshazari ni ndefu kuliko ya wima. Sasa, nikawaambia, badala ya mpira wekeni mwali wa mwanga unaodunda kati ya vioo viwili, na kila mdundo uwe tiki moja ya saa. Mpira unaweza kuongeza kasi ukaimaliza ile njia ndefu kwa muda uleule. Mwanga hauwezi. Mwanga una kasi moja kwa kila anayeupima, awe amekaa au anakimbia. Kwa hiyo sisi tuliokaa tutaona tiki ya saa inayosafiri ikichukua muda mrefu zaidi. Saa inayosafiri inachelewa. Wala si saa peke yake, ni kila kilicho ndani ya chombo hicho: mapigo ya moyo, kucha, nywele.

Hapo ndipo niliwapa habari ya pacha wawili. Mmoja anapanda chombo kinachokaribia mwendo wa mwanga, anaenda hadi kwenye nyota ya mbali na kurudi. Mwenzake anabaki nyumbani. Wanapokutana, aliyesafiri bado ni kijana, na aliyebaki ana mvi.

Darasa lilicheka. Walijua mimi ni pacha. Mji mzima ulijua. Lakini msichana mmoja wa nyuma, aliyekuwa mkimya kwa kawaida, hakucheka. Alinyoosha mkono.

"Mwalimu, kwa huyo msafiri, si yeye anajiona ametulia na dunia ndiyo inakimbia? Sasa mbona wa duniani asiwe ndiye kijana?"

Lilikuwa swali zuri kuliko yote niliyowahi kuulizwa katika darasa lile, na nilimwambia hivyo. "Ukiwa ndani ya basi," nikamwuliza, "dereva akageuza gari barabarani, nani anayumba?"

"Sisi tulio ndani."

"Na mtu aliyesimama kando ya barabara?"

"Hayumbi."

"Basi hapo ndipo wanapotofautiana. Msafiri lazima ageuke ili arudi nyumbani, na kugeuka kunamtikisa. Aliyebaki hakutikisika hata mara moja. Safari zao si sawa, ndiyo maana umri wao si sawa."

Akafikiri. "Na asipogeuka?"

"Asipogeuka, kila mmoja ataendelea kuiona saa ya mwenzake ndiyo inayochelewa, na hakuna atakayekuwa amekosea. Huwezi kusema nani amezeeka zaidi mpaka wakutane."

Kengele ililia, wakatoka wakisukumana. Nilifuta ubao, nikakaa kwenye dawati la mbele mpaka mwenye funguo akaja kufunga madarasa.

Baada ya hapo nilifundisha kipindi kile kila mwaka. Bila kukusudia, nilikuwa nimejijengea picha. Nilijua hesabu, nilijua kwamba ndege ya abiria ni konokono mbele ya mwanga na kwamba tofauti inayoleta haifiki hata kope kupepesa. Hata hivyo, nilipomfikiria dada, nilimwona kama alivyokuwa siku ile ya kukunja sare: shingo ndefu, nywele nyeusi, anayepanda kilima bila kuhema. Wakati huo mimi nilianza kuvaa miwani ya kusomea, na wasichana wapya walianza kuniita "mathe", yaani mama mtu mzima, wakidhani siwasikii.

Alipata karatasi zake za ukaazi mwishoni mwa muongo uliofuata, karibu miaka kumi na mitano tangu aondoke. Wakati huo nilikuwa na simu ya mkononi, akanipigia katikati ya juma, nikajua kabla hajasema.

Nilikodi gari la jirani kwenda kumpokea uwanja wa ndege. Pale Mlolongo malori yalikuwa yamepanga foleni ya mizani mpaka yakaziba njia, nikahofia atafika asinikute. Lakini nilipofika nilisubiri sana. Abiria walitoka wakisukuma mikokoteni yao, nami nilinyoosha shingo nikimtafuta yule msichana. Mwanamke mmoja mzee kidogo alinijia moja kwa moja akichechemea, nywele zake fupi zimejaa mvi, koti zito mkononi. Nilisogea kando nimpishe.

"Mwana wa mwaitu," akasema, mtoto wa mama yangu. "Unaenda wapi?"

Nilimtazama midomo, kisha macho. Nilimkumbatia haraka ili asiuone uso wangu, lakini aliuona.

"Najua," akasema begani mwangu. "Hata mimi nikijiangalia kwenye kioo hushtuka."

Njiani aliniambia jinsi alivyofanya kazi usiku katika nyumba ya kutunza wazee, kisha mchana katika nyumba nyingine ya wazee, akilala kwenye kiti cha basi kati ya moja na nyingine. Majira ya baridi aliingia kazini giza na kutoka giza. Nilimwuliza kama wakati ulikuwa ukienda mbio huko.

"Hapana. Ni mimi nilikuwa nikikimbia."

Jioni ile tulitoka kununua maziwa. Muuza duka, kijana aliyehamia Mumbuni juzijuzi, aliniuliza, "Mwalimu, leo umekuja na dada yako mkubwa?"

"Mimi ndiye mdogo," dada akamjibu, na wala hakuudhika.

Usoni alikuwa amenitangulia, lakini kwa mambo mengine alikuwa palepale nilipomwacha. Alisema Kikamba cha zamani zile, bila neno hata moja la vijana wa sasa. Alitaka tuende kunywa chai katika hoteli ndogo tuliyoipenda, ambayo sasa ilikuwa duka la simu. Aliuliza habari za fundi wetu wa nguo, za matroni wake, za mwenye duka la dawa. Wote watatu walikuwa wamekufa, na nilikuwa nimemwambia habari zao kwenye simu, mmoja baada ya mwingine.

"Uliniambia," akakubali. "Nilikuwa nikisikia kama habari za redio. Sikuwa naziona."

Aliliona lile sanduku chini ya kitanda, akalifungua, akaitoa sare moja na kuishikilia mbele yake. Isingemtosha hata mkono. Akairudisha, akalifunga sanduku.

Tulienda Ndithini. Mama alikuwa amekaa kivulini akichambua mbaazi. Alimshika dada mikono yote miwili, akaigeuza viganja juu, akavichunguza kama mtu anayechunguza mbegu kabla ya kununua.

"Huyu amefanya kazi ya watu wawili," akasema. Kisha akanigeukia. "Na wewe ukalala usingizi wake."

Alikuwa akitania, na wote tulicheka. Lakini neno lile liliniingia. Nani angemweleza mama kwamba ukikaa peke yako katika vyumba viwili, ukifundisha mambo yaleyale kwa watoto ambao kila mwaka wana umri uleule, uso wako unaweza kubaki bila mikunjo kwa sababu tu hakuna aliyeukunja?

Kaburi la baba lilikuwa nyuma ya ghala, limemea nyasi, na mbuzi mmoja amefungwa karibu. Dada alipolifikia, goti lake bovu lilikunjika, akaketi chini, akaanza kulia kama watu waliavyo siku ya kwanza, kwa sauti, akimwita baba. Mama alikaa naye. Mimi nilisimama nimeishika kamba ya yule mbuzi. Sisi tulikuwa tumemaliza kulia miaka mingi iliyopita. Kwake baba alikuwa amekufa asubuhi ile. Nilitafuta machozi ya kumsindikiza nikayakosa. Katika maisha yetu yote sikuwahi kumwona akilia bila mimi kulia.

Siku chache kabla ya kuondoka kwake, tulikuwa Mumbuni tukila muthokoi, mahindi yaliyokobolewa na kunde, nikamsimulia kipindi changu cha Ijumaa, mpira na vioo na wale pacha. Alisikiliza hadi mwisho.

"Basi miaka yote umewadanganya wasichana wa watu," akasema akitabasamu. "Msafiri ndiye huyu hapa, amezeeka."

"Ndege yako ilikuwa polepole mno."

"Na yule aliyebaki, kitabu kinasemaje juu yake?"

"Hakisemi kitu. Anabaki tu. Anasubiri."

Aliweka kijiko chini. "Yule mwalimu wa kilimo yuko wapi?"

"Alioa."

"Lini?"

"Zamani. Wana watoto wakubwa."

"Mbona hukuniambia?"

"Ulikuwa na goti."

Nilidhani ataniuliza zaidi, na nilikuwa nimejiandaa kumwambia mengine kuhusu zile Jumamosi. Lakini alinyoosha mkono, akakishika kidevu changu pale penye kovu kama mama alivyokuwa akifanya, kisha akainuka kuosha vyombo. Nilimsikia akivisugua kwa muda mrefu kuliko vilivyohitaji.

Aliondoka kwa sababu binti yake alikuwa huko, na binti hakujua nyumbani kwingine. Nilimsindikiza hadi pale wasiosafiri hawaruhusiwi kupita. Hatukuahidiana miaka. Alichechemea akifuata foleni, na kabla ya kona aligeuka, akaniangalia, akaendelea. Hajarudi tena. Tunaongea kwenye simu, na sauti siku hizi inafika papo hapo, lakini tumebaki na desturi ya kungoja kidogo kabla ya kujibu.

Siku iliyofuata kuondoka kwake ilikuwa Jumamosi. Nilitoa matandiko ya kitanda alicholalia, mashuka mapana aliyoniletea kutoka huko, mapana kuliko kitanda chochote nilicho nacho. Niliyafua nikayaanika kwenye kamba ya uani mwa ploti. Jirani alipita na ndoo, akayatazama.

"Mgeni ameenda?"

"Ameenda."

"Anarudi lini?"

"Hakusema."

Jua lilikuwa kali, yakakauka kabla ya adhuhuri. Shuka pana kama lile linataka watu wawili, kila mmoja ashike pembe zake, wasogeleane. Nililijaribu kwa njia kadhaa, likawa linaburura chini kwenye vumbi. Mwishowe nilibana pembe moja kwa kidevu, nyingine nikaifunga kwenye kamba, nikalikunja hivyo hivyo.